Walilia nini Croke Park siku ulipopigwa wimbo wa Waingereza?

Mama wa Likoni

Hamjambo wenzangu mlioko Ireland. Nina swali linanizunguka kichwani wiki nzima, na nikilitafuta mtandaoni naletewa tarehe tupu.

Nimeingia Dublin mwezi wa kwanza, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mmoja wa wazee wangu ana miaka 88, mtu wa kaunti ya Tipperary, alifuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote. Haongei sana, lakini ukimtajia michezo utatafuta wa kumnyamazisha.

Jumapili iliyopita wenzangu wa kazini wakanichukua uwanja wa Croke Park kutazama hurling, mchezo wao wa fimbo na mpira mdogo. Jamani! Mpira naujua, nimekua nikiusikia redioni kwa baba, lakini vile sijaviona popote. Uwanja umefurika, mashabiki wa pande mbili wamekaa mchanganyiko, hakuna ua wala askari wa kuwatenganisha. Fimbo zinapita usawa wa masikio ya watu. Halafu naambiwa yule aliyefunga sana ni fundi umeme na kesho asubuhi yuko kazini, kwa sababu hakuna hata mmoja wao anayelipwa mshahara wa kucheza.

Tulikaa jukwaa linaloitwa Hogan Stand. Nikauliza, Hogan ni nani, tajiri aliyetoa pesa? Mwenzangu akajibu bila kugeuza shingo: "Mchezaji. Alipigwa risasi pale," akanyooshea kidole nyasi. Mechi ikaendelea, nami nikaona haya kuuliza zaidi.

Jumatatu nikamsimulia mzee. Akafurahi mpaka akaomba chai ya pili. Ndipo akaniambia kuwa mwaka 2007 Waingereza walikuja kucheza raga hapo hapo, wimbo wao wa taifa ukapigwa, na wanaume wa timu ya Ireland, miraba minne, wakalia mbele ya dunia nzima. Yeye mwenyewe wimbo wa Waingereza ulipoanza alizima runinga, akangoja, akaiwasha tena. Akataja pia kitu alichokiita "ile marufuku", kwamba kaka yake aliwahi kufungiwa kwa kosa la kwenda kutazama soka. Kutazama, siyo kucheza!

Sasa nielezeni kama mnamweleza mtoto wa jirani. Mtu alilieje wimbo wa mtu mwingine? Na mzee wangu alizima runinga kwa nini, ilhali mechi aliitaka?

---

Teksi ya Usiku

Dada, karibu Dublin. Mimi mtu wa Tanga, nipo hapa tangu 2003. Siku unayoiuliza, Jumamosi tarehe 24 Februari 2007, sikuwa na teksi bado, nilikuwa naosha glasi kwenye baa moja karibu na Dorset Street. Kutoka pale hadi uwanjani ni kwa miguu tu. Kwa hiyo hili nitakueleza kwa kirefu, andaa chai.

Kwanza nikurekebishe kidogo kwa adabu: wimbo wa Waingereza hawakuulilia. Ule waliusikiliza kimya. Machozi yalikuja ulipofuata wa kwao. Ndiyo maana mzee wako aliyaona, alikuwa keshawasha runinga.

Ila ukianzia 2007 hutaelewa. Anzia Jumapili ya tarehe 21 Novemba 1920.

Wakati huo Waairishi wanapigania uhuru, vita vya kuviziana. Asubuhi ile watu wa Michael Collins, mmoja wa viongozi wa wapiganaji wa Kiairishi, waligonga milango ya nyumba za kupanga na hoteli katikati ya Dublin na kuua wanaume kumi na kadhaa, wengi wao maofisa wa ujasusi wa Waingereza. Wengine waliuawa wakiwa na nguo za kulalia, wake zao wako chumba hicho hicho. Hili nalitaja kwa sababu ukisimuliwa na mtu wa hapa anaweza kulipita haraka haraka. Asubuhi ile haikuwa nzuri kwa yeyote.

Mchana kulikuwa na mechi Croke Park, Dublin na Tipperary, mpira wa Kigaeli, ule wao wa kuchezwa kwa mikono na miguu. Maelfu ya watu wamekuja licha ya habari za asubuhi. Mchezo ulichelewa nusu saa kwa wingi wa watu mlangoni. Haujafika mbali, malori yakafika. Polisi, na pamoja nao wale waliopewa jina la Black and Tans kwa sare zao za viraka, na kikosi cha wasaidizi waliokuwa maofisa wa jeshi. Mpango ulioandikwa ulikuwa wazunguke uwanja, watangaze kwa kipaza sauti, kisha wapekue wanaume wote mlangoni. Hakuna kilichotangazwa. Walianza kufyatua risasi.

Ilichukua kama sekunde 90. Hesabu polepole mpaka tisini uone ni muda gani.

Watu 14 walikufa. Michael Hogan, beki wa Tipperary, kijana wa kijiji cha Grangemockler, alipigwa risasi akiwa uwanjani. Mtazamaji mmoja kutoka Wexford, Thomas Ryan, alipiga magoti kando yake akimnong'oneza sala ya mwisho sikioni, naye akapigwa. Jane Boyle alikuja na mchumba wake, harusi ilikuwa imebaki siku tano. Alizikwa na gauni lile la harusi. Watoto walikuwa watatu: Jerome O'Leary miaka 10, William Robinson 11, John Scott 14.

Jeshi lilifanya uchunguzi wake faraghani, na matokeo yakafungiwa kabatini kwa miongo mingi.

Sasa fikiria wewe ni mtu wa Tipperary kama mzee wako. Umezaliwa miaka kumi na kitu baada ya hapo. Baba yako au mjomba wako anamkumbuka Hogan kwa sura. Unakulia ukiingia uwanja ule kama mtu anavyoingia makaburini kwao, ila ni makaburi ya kupigia kelele.

Tuje kwenye marufuku. Chama chenye uwanja huo, GAA, kilianzishwa mwaka 1884 katika hoteli ya Hayes mjini Thurles, huko huko Tipperary. Wanaume wachache tu, Michael Cusack akiwa mbele. Hofu yao ilikuwa kwamba michezo ya Kiairishi inakufa, watoto wanacheza kriketi na raga ya watawala. Basi wakaifufua hurling na mpira wa Kigaeli parokia kwa parokia. Baadaye wakaweka kanuni: mwanachama haruhusiwi kucheza soka, raga, kriketi wala hoki, wala kwenda kuzitazama. Na walikuwa na watu wao wa kujificha viwanjani kuona nani kaja! Kaka wa mzee wako hakuonewa peke yake. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1971. Lakini kanuni nyingine, namba 42, ikabaki: michezo hiyo isichezwe kwenye viwanja vya GAA.

Ikafika zamu ya uwanja wa raga na soka, Lansdowne Road, kubomolewa ujengwe upya. Timu ya taifa ikabaki haina pa kuchezea. Ama waende kucheza nyumbani kwa Waingereza, ama waombe Croke Park, uwanja wa watu 82,000 uliojengwa na GAA wenyewe. Aprili 2005 wajumbe wakapiga kura: 227 wakakubali kanuni ilegezwe, 97 wakakataa. Wengine watakwambia ni moyo wa upatanisho. Mimi nadhani kodi ya pango nayo ilisaidia kulainisha mioyo, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Raga ya kwanza ilikuwa na Ufaransa, Ireland wakafungwa 20 kwa 17 dakika za mwisho. Hakuna anayeikumbuka. Wiki mbili baadaye, Waingereza.

Wiki zile redio zilikuwa hazina habari nyingine. Je, "God Save the Queen" ipigwe kwenye nyasi za Hogan? Mtoto wa mchezaji mmoja wa zamani wa Kerry alikwenda makumbusho ya uwanja akaziondoa medali za baba yake. Kwenye baa yetu bosi alituita saa nne asubuhi, akasema maneno mawili: atakayezomea, mtoeni. Mimi mwosha glasi nimtoe nani? Nikasema ndiyo bosi.

Baa ilijaa hadi ngazini. Kulikuwa na mteja wa kila siku, mzee wa Tipperary pia, kiti chake kilikuwa kona ya mlango. Siku ile hakuja. Hakugomba na mtu, wala hakuandamana. Hakuja tu, na kiti hakikukaliwa mpaka bosi alipomwambia mtu akae.

Wimbo ukaanza. Dada, mimi nimezoea baa. Baa hainyamazi hata msibani. Ile ilinyamaza mpaka nikasikia bomba linadondosha maji nyuma yangu. Kwenye skrini watu elfu themanini na kitu wamesimama, wanasikika Waingereza tu wakiimba. Ukaisha, watu wakapiga makofi. Makofi ya kweli, si ya kulazimishwa.

Halafu ukaja "Amhrán na bhFiann", wimbo wa taifa wa Ireland, maana yake wimbo wa askari. Hapo ndipo paa lilipong'oka. John Hayes, jitu la mbele kwenye skramu, mkulima wa Limerick, machozi yanamtiririka hajayafuta. Jerry Flannery kando yake vilevile. Bosi wangu aliingia stoo akasema anahesabu kreti.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: walilia kwa sababu walikuwa wamemaliza kuogopa. Wiki nzima wamejiuliza kama watazomea mbele ya dunia, wakagundua hawana haja ya kuzomea. Ukishamkaribisha mtu ndani ya nyumba aliyowahi kuivunja, na bado ni nyumba yako, funguo ziko mfukoni mwako, basi kuna kitu kinalegea kifuani.

Na mechi? 43 kwa 13. Ireland. Bao moja Ronan O'Gara alipiga mpira juu ukavuka uwanja, Shane Horgan akaruka akaudaka kama mchezaji wa mpira wa Kigaeli. Katika uwanja ule! Baa ilipasuka glasi sita, nazikumbuka kwa sababu nilizifagia mimi.

Siku hizi nikipita na wageni nawaonyesha jukwaa la Hill 16, lile la kusimama, nawaambia limejengwa kwa vifusi vya mtaa wa O'Connell baada ya mapinduzi ya Pasaka ya 1916, Waairishi walipowaasi Waingereza. Na kwamba Muhammad Ali alipigana humo Julai 1972, miaka miwili kabla ya Kinshasa. Hapo Waafrika wananiongezea bakshishi.

---

Mkaa Belfast

Kaka Teksi umesimulia vizuri, lakini hiyo ya vifusi acha kuwauzia wageni. Kilima kile kilikuwepo kabla ya mapinduzi. Kilijengwa 1915 na kikaitwa Hill 60, jina la kilima cha Gallipoli walikopigana askari wa Kiairishi waliokuwa ndani ya jeshi la Uingereza. Miaka ya 1930 ndipo jina likageuzwa kuwa Hill 16, na hadithi ya vifusi ikazaliwa ili ilingane na jina. Ukiniuliza, hadithi ya kweli ndiyo tamu zaidi: jukwaa takatifu la wazalendo lilibeba jina la vita vya mfalme.

Naongeza jambo la huku Ireland ya Kaskazini, iliyobaki chini ya Uingereza, kwa sababu Dublin huwa mnatusahau. Timu ya raga ya Ireland ni ya kisiwa kizima. Ndani yake wamo Waprotestanti wa huku Ulster ambao wimbo wa taifa lao ni huo huo wa Waingereza. Ndiyo maana tangu 1995 kuna wimbo wa tatu, "Ireland's Call", usio wa taifa lolote. Mechi ikiwa Dublin unaimbwa pamoja na ule wa taifa, wakicheza ugenini unaimbwa peke yake. Siku ile ya 2007, basi, kulikuwa na wachezaji waliosikia nyimbo tatu na kila mmoja akawa na lake moyoni.

Pia GAA ilikuwa na kanuni namba 21: polisi wa Ireland ya Kaskazini na askari wa Uingereza wasiwe wanachama. Ilifutwa 2001 tu. Na ile kura ya 2005, kaunti nyingi za huku zilipinga. Usiwaone wabaya. Kwenu Dublin askari wa Uingereza ni habari ya babu. Huku kuna watu wa umri wangu waliopekuliwa na askari hao wakiwa njiani kwenda mazoezini, fimbo ziko ndani ya buti la gari.

Kwa hiyo Mama wa Likoni, mzee wako kuzima runinga si ukaidi.

---

Teksi ya Usiku

Miaka kumi na tano nawadanganya abiria! Nimepokea, Mkaa Belfast. Kuanzia leo ni Hill 60, na nitaona kama bakshishi itapungua.

Kuhusu marufuku nilisahau kisa ninachokipenda kuliko vyote. Rais wa kwanza wa Ireland, 1938, alikuwa Douglas Hyde. Mprotestanti, mtoto wa mchungaji, lakini ndiye aliyeongoza Gaelic League tangu ilipoanzishwa 1893 kuokoa lugha ya Kiairishi. Yaani kama kuna mtu aliyeupigania utamaduni huu ni yeye. Novemba ya mwaka huo huo, kama rais wa nchi, akaenda Dalymount Park kutazama soka, Ireland na Poland. Ireland walishinda 3 kwa 2. Mwezi uliofuata GAA wakamvua ulezi wa chama. Rais wa nchi! Sasa kaka wa mzee wa Tipperary angeponea wapi?

Na malkia mwenyewe alikuja, Mei 2011. Mfalme wa Uingereza alikuwa hajakanyaga Dublin kwa miaka mia, tangu 1911. Mimi nilipoteza pesa siku zile, barabara zote za kaskazini ya mto zimefungwa, polisi kila kona. Aliinamisha kichwa kwenye bustani ya kumbukumbu ya waliopigana na nchi yake, kesho yake akaja Croke Park. Kwenye dhifa ya jioni akafungua hotuba kwa Kiairishi, na rais Mary McAleese akaonekana akitamka "wow". Abiria wangu usiku ule, mama mmoja wa makamo, alirudia maneno yale ya Kiairishi ya malkia njia nzima hadi Finglas, akisahihisha matamshi.

---

Mama wa Likoni

Asanteni sana, wallahi mmenifungua macho. Jana zamu yangu ilikuwa ya jioni, nikamsomea mzee baadhi ya haya kwa Kiingereza changu cha kuparaza. Kwa Hogan alitikisa kichwa tu. Kwa Hyde alicheka hadi nikamshika mgongo.

Halafu akaniambia jambo ambalo hamkulitaja. Novemba 2020 ilipotimia miaka mia, uwanja ulikuwa mtupu kwa ajili ya korona, wakawasha mienge 14 pale Hill 16, mmoja kwa kila marehemu, wakasoma majina. Siku iliyofuata Tipperary walicheza fainali ya mpira wa Kigaeli ya jimbo la Munster dhidi ya Cork, wamevaa jezi nyeupe na kijani za mfano wa zile za siku ya Hogan. Walikuwa hawajalichukua kombe hilo tangu 1935. Wakashinda. Na siku hiyo hiyo Cavan wakashinda Ulster, kwa hiyo timu nne za nusu fainali ya taifa zikawa Dublin, Tipperary, Cavan na Mayo, nne zile zile za mwaka 1920. Nilidhani ananitania nikaenda kuhakikisha. Ni kweli.

Akanionyesha pia kwenye simu yangu nahodha wa Cork wa 2005, Seán Óg Ó hAilpín, mama yake mtu wa Fiji na yeye kazaliwa huko. Amesimama kwenye jukwaa la Hogan na kombe la hurling, anahutubia uwanja mzima kwa Kiairishi bila karatasi. Mzee akanitazama, akauliza: "Mwanao ana miaka mingapi?"

Ana saba. Mnajua tiketi za fainali zinapatikanaje? Na hizo fimbo zinauzwa wapi?

---

Teksi ya Usiku

Tiketi za fainali nyingi hupitia kwenye klabu za parokia, dada, mtu wa nje utazisikia tu. Njia ya kuzipata ni hiyo hiyo ya mtoto: mpeleke klabu ya mtaani kwenu Jumamosi asubuhi, watoto wadogo wapo kila klabu, na wiki ya pili watakuwa wameshakupa kazi ya kukata machungwa.

Fimbo inaitwa camán, ya mti wa ash. Maduka ya michezo yanazo, lakini klabu mara nyingi ina za kuazima. Usimnunulie ndefu ili akue nayo kama viatu vya shule. Mtoto asimame wima, ncha ya juu ifike kwenye nyonga. Na helmeti ni lazima, hata mazoezini.

---

Mkaa Belfast

Na mnunulie mipira mitatu. Miwili itavuka ukuta wa jirani wiki ya kwanza.